Bi Somoe na Benchi la Walioyeyuka

Mwenye kuchambua mchele na achambue, mwenye kusuka ukili na asuke. Mimi naomba masikio tu, mikono bakini nayo.

Ilikuwako nchi, na mpaka leo ipo, maana nchi ya namna ile haifi, hufanyiwa ukarabati. Jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa kila mtu anapofika. Ilikuwa nchi safi ajabu. Hata majani ya miti yalidondoka kwa zamu. Watu wake walikuwa wema, na wema wao uliwekwa ndani ya kabati la kioo pale makao makuu, uende ukautazame siku yoyote ya kazi.

Nchi hiyo iliwapenda wageni kupita kiasi. Iliwapenda mpaka ikawajengea wizara yao peke yao, Wizara ya Mazoea, yenye lifti na vyoo vya maji ya moto. Kazi ya wizara ilikuwa kupima mioyo ya wahamiaji ijulikane kama imezoea. Wataalamu wa nafsi walijifungia wakachunguza, nywele zikawatoka, wakatoka na jibu: moyo wa mhamiaji una hali nne, ya tano haipo. Wapo walioyeyuka, hao wamesahau kwao, wamekuwa kama wenyeji. Wapo waliochanganyika, mguu huku mguu kule, na kote wanacheka. Wapo waliojitenga, wanaopika vyakula vyao na dirisha wamefunga. Na wapo waliopotelea katikati, kwao hawapo na huku hawajafika.

Basi ili mioyo isisumbue watu wa ofisini, ukumbini yakawekwa mabenchi manne, kila moja na rangi yake, na kila mhamiaji akawa anaonyeshwa lake. Benchi la waliochanganyika ndilo lililopendeza kuliko yote, lina mito ya hariri. Lakini halikukaliwa na mtu. Lilizungushiwa kamba, likafutwa vumbi kila asubuhi, na wageni wakubwa wakija walipigwa picha mbele yake.

Huko ndiko alikokwenda Bi Somoe.

Alikuwa mwanamke wa kusini, mfupi, ana mwanya, na mdomo wake haukujua kupumzika. Mumewe, Mzee Ligola, alipofariki, nyumba ikawa kubwa ghafla, hata sauti ya kijiko ilimrudia. Mwanawe wa pekee, Mfaume, alikuwa amehamia nchi ile siku nyingi, mke kaondoka zake, kamwachia binti mdogo jina lake Siwema. Mfaume akaleta tikiti: Mama, njoo unilelee mtoto. Bi Somoe akagawa kuku, akagawa vyungu, nyumba akampisha mpwa wake mwenye watoto kama vifaranga, akapanda ndege. Hakuacha pa kurudi. Wala hakujali, maana alikuwa anakwenda kwa mjukuu.

Na mjukuu kwao si mtoto tu wa kulishwa uji. Kitendawili! Namtukana anacheka, nikinyamaza analia. Mnasema ngoma? Siyo. Mtoto mchanga? Siyo. Nipeni mji. Haya, nimekwenda Lindi, nimekula samaki wa kukaanga, watu wa Lindi wameniambia: ni mtani.

Kwao Bi Somoe, bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita binti huyo mke mwenzangu, kwa sababu wote wawili wanamgombania babu, awe hai awe kaburini. Watashindana nani anapendwa, nani mchoyo, nani kaunguza wali. Mtoto hujifunzia humo kusema, na mzee hujulia humo kwamba bado yupo. Bi Somoe njia nzima, juu kule mawinguni, alikuwa anapanga matusi yake kama mtu anayepanga zawadi sandukuni.

Uwanja wa ndege Mfaume alimsubiri na beji ya buluu kifuani, beji ya walioyeyuka. Mama mtu akafungua mikono yote miwili.

"Mama, hapa tunashikana kwa ncha za vidole," Mfaume akasema. "Na usilie, kuna kamera."

"We Mfaume! Mbona umekonda kama ufito? Huku wanakula picha za chakula?"

"Sauti, Mama."

Siwema alisimama pembeni, viatu vimefungwa sawasawa, mikono nyuma. Alikuwa amesoma Kiswahili kwenye darasa la Jumamosi, kwa kitabu kilichopitishwa na wizara. Kitabu hicho kiliondoa shikamoo, kwa maelezo kwamba inahusisha miguu ya watu bila ridhaa yao.

"Hujambo, bibi," akasema Siwema. "Leo ni Jumamosi. Paka yuko juu ya meza."

Bi Somoe akageuka kumtafuta paka. Hakukuwa na paka, wala meza, wala haikuwa Jumamosi.

Asubuhi ya pili akaona kazi ianze. Siwema alikuwa mezani anakula mkate wake kwa uma na kisu, kimya, kama karani. Bi Somoe akashika kiuno.

"Haya, mke mwenzangu mchoyo! Mkate wote umefagia, mume wetu nimpe nini, sufuria alambe?"

Siwema akaweka uma chini. "Bibi, mume yupi?"

"Mume wetu! Ligola! Unajifanya humjui, na ndiye anayekupendelea?"

"Mimi sina mume. Niko darasa la kwanza."

"Tena mwongo! Nitamwambia akunyang'anye khanga!"

Hapo ndipo mtoto wa kwao angeruka na kusema, "Kizee we, khanga yenyewe yako imetoboka!" Bi Somoe akangoja, ametega sikio, mwanya wazi. Siwema akamtazama kwa macho makubwa, akachukua mkoba wake, akaenda shule. Na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, akamweleza mwalimu yote.

Kabla mchana haujapoa, wakaguzi walikuwa mlangoni. Mkubwa wao aliitwa Orvek Danteli, mrefu, kavaa glavu nyeupe, na nyuma yake wasaidizi wenye tochi, ingawa jua lilikuwa linawaka. Wakaangalia chini ya kitanda. Wakaangalia kabatini. Mmoja akafungua jokofu, akasema, "Humu hayumo, mheshimiwa."

"Mume yuko wapi?" Danteli akauliza.

"Yupo kaburini, baba," akajibu Bi Somoe.

"Anaishi huko tangu lini?"

"Tangu tulipomzika."

"Makazi hayo yana vyumba vingapi?"

"Kimoja, na hakigombaniwi."

Danteli akatikisa kichwa kwa huruma ya kiserikali. "Na wake ni wangapi?"

"Wawili. Mimi, na huyo kidudumtu aliyekwenda kunisemea." Bi Somoe akacheka mpaka akajipiga paja. Alidhani hata hao wamekuja kutania, maana kwa akili yake mtu hawezi kutafuta marehemu ndani ya jokofu kwa dhati ya moyo.

Hakuna aliyecheka naye. Danteli akamgeukia Mfaume aliyekuwa amesimama karibu na pazia, karibu kabisa, kama anataka kuwa pazia.

"Bwana Mfaume, wewe asili yako ni huko. Mambo haya ya mke mwenza unayafahamu?"

Mfaume huyu, wajukuu zangu, alilelewa na bibi yake, mama mzazi wa Bi Somoe. Bibi yule alimwita mume wangu tangu jua linachomoza mpaka linatua, naye kitoto, hata suruali hana, anajibu, "Sikuoi, kizee, huna meno!" Kijiji kizima kilikuwa kinacheka. Siku bibi yule alipozikwa, Mfaume alilia mpaka akashikwa homa, watu wakimtania kwamba amekuwa mjane.

Mfaume akaigusa beji yake ya buluu. Akikiri kuijua desturi, anarudishwa benchi la waliojitenga.

"Siyafahamu," akasema.

Bi Somoe akaacha kucheka. Wakaguzi waliendelea kuuliza na kumulika, lakini yeye hakuwasikia tena. Alikuwa anamtazama mwanawe, na mwanawe anaitazama kapeti.

Akapelekwa wizarani kusikilizwa. Pale juu kabisa alikaa Mkurugenzi Mkuu wa Kuzoea, Mheshimiwa Bertuza Klomfi, mwanamama mwenye miwani jozi mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kusikitikia. Akavaa ile ya pili.

"Ndugu mhamiaji," akasema, "taifa hili linaheshimu tamaduni zote za dunia, hususan zile zilizonyamaza. Tunazipenda ngoma zenu, ndiyo maana tumezitundika ukutani. Tunavipenda vyakula vyenu, ndiyo maana tumevipunguza chumvi. Lakini kuhusu utani, wataalamu wetu wamethibitisha kwamba utani ni ugomvi uliokosa mwelekeo. Hapa kwetu mtu akitaka kucheka huweka miadi, akapewa chumba."

Watumishi wakapiga makofi kwa ncha za vidole.

"Utakaa benchi la waliojitenga," akaendelea. "Theluji ikiyeyuka, nawe uwe umeyeyuka. La sivyo utarejeshwa kwenu kwa heshima zote. Nyumba ipo kwenu?"

"Ina watu, mama. Nimewapisha."

"Vizuri sana. Basi hutakuwa mpweke."

Benchi la waliojitenga lilikuwa la kahawia, limejaa, watu wamebanana. Mtu angedhani hapo pana mazungumzo. Hakuna. Kila mmoja alikuwa na lugha yake na ukimya wake, na vyote viwili havikufanana na vya jirani.

Kutoka benchini wazee walipelekwa Darasa la Maneno Salama. Mwalimu alikuwa spika ukutani. Spika ikisema, "Samahani kwa usumbufu," wazee wote wanaitikia, "Samahani kwa usumbufu." Hilo lilikuwa neno la kuingilia, la kutokea, la kupiga chafya, na la kukanyagwa mguu. Neno la pili lilikuwa "Natumaini hali ya hewa inakufaa." La tatu, kwa mtu akikwambia jambo lolote zito, kama msiba au mapenzi: "Asante kwa maoni yako." Mwanafunzi akiyashika hayo, anaweza kuishi katika nchi hiyo mpaka kufa, na jirani asijue kama amekufa.

Sasa siku moja Bi Somoe alipotaja jina lake na la kwao, sauti ikatoka nyuma ya darasa, kwa Kiswahili cha kusini kabisa:

"Loo! Kumbe ndiyo wale ambao babu zao walisikia ngoma ya vita wakaingia kwenye vyungu! Ndiyo maana mpaka leo shingo fupi!"

Bi Somoe akageuka kama aliyeitwa na marehemu. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, masharubu meupe, aliyekuja kwa binti yake. Jina lake Mzee Chilumba. Kabila lake na la Bi Somoe ni watani tangu enzi za mababu.

"Na ninyi," Bi Somoe akamjibu, sauti inatetemeka kwa furaha, "si ndio mlivifunua vile vyungu mkadhani ni mboga? Mliwatia chumvi babu zangu kwa njaa zenu!"

Taa nyekundu ikawaka ukutani, maana kicheko kilikuwa hakina miadi. Wakainamisha vichwa. Lakini tangu siku ile Bi Somoe alikuwa anatembea kwenda darasani kwa miguu myepesi. Wakikaa karibu, walitukanana kwa kunong'ona. Mzee Chilumba alimwambia amezeeka kama kinu kilichokosa mchi. Bi Somoe alimwambia masharubu yake ni mkia wa mbuzi aliyeibwa. Akirudi nyumbani jioni alilala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Kisha Mzee Chilumba akakosa vipindi kadhaa. Aliporudi alikuwa na beji ya buluu. Binti yake alikuwa amejifungua, na hospitali ya huko iliruhusu babu walioyeyuka tu kumshika mtoto.

"We mzee!" Bi Somoe akamnong'oneza. "Ngoma inalia, chungu chako kiko wapi?"

Mzee Chilumba akamtazama kwa upole, kama mtu anayetazama basi lisilo lake likipita.

"Natumaini hali ya hewa inakufaa," akasema.

Bi Somoe akangoja masharubu yacheze kidogo, ajue kwamba anatania. Hayakucheza.

Siku hiyo alirudi nyumbani akakaa dirishani. Nje theluji ilikuwa inaanza kutoboka, ardhi nyeusi inachungulia. Siwema alikuwa sakafuni anapanga vijiti vya rangi. Bi Somoe akautazama utosi wake, akauona ule ule wa Ligola, una mzunguko wa nywele pembeni. Akajiambia: kurudishwa kule kwenye nyumba ya watu, nikamtanie nani, ukuta? Afadhali nikae hapa kimya, lakini nauona utosi huu kila siku.

Ndipo akaanza kujifunza kwa bidii. Alilifanyia zoezi birika. Aliliambia samahani kwa usumbufu kabla hajalishika. Akijigonga kidole, aliuomba mlango radhi. Mke mwenzangu ikimpanda kooni, aliimeza na maji ya uvuguvugu, na kila siku iliishia chini zaidi kuliko jana. Siwema alikuwa anamtazama. Mara nyingine alichelewa mezani kwa makusudi, akala mkate wote, akamwangalia bibi yake usoni. Bibi akapangusa makombo.

Siku ya mtihani, ukumbi ulijaa. Ilikuwa desturi ya wizara kumtia mhamiaji majaribuni, ionekane kama moyo umekufa ganzi barabara. Akapita kwanza ofisa mnene, kavaa kofia kama kawa la kufunikia wali, na unyoya juu. Bi Somoe kimya. Ofisa akajifanya kuteleza, akaanguka matako chini, kofia ikabingirika mpaka miguuni pa Bi Somoe. Kimya. Kisha Danteli akasimama mbele yake na glavu zake.

"Nimesikia," akasema, akisoma kwenye kiganja chake, "kwamba babu zako waliingia kwenye vyungu."

Kumbe Mzee Chilumba aliwapa hata hilo. Huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe.

Bi Somoe akasikia kitu kinachomoka kifuani, bila kelele, kama jino la mtoto.

"Asante kwa maoni yako," akasema.

Mheshimiwa Klomfi akalia ndani ya ile miwani ya kusikitikia. Akambandika beji ya buluu, akatamka, "Sasa wewe ni wetu kabisa," kisha akasogea nyuma, kwa sababu watu wao hawakaribiani. Bi Somoe akaonyeshwa benchi la walioyeyuka. Lilikuwa refu, la buluu, safi. Kila mtu amekaa mbali na mwenzake kiasi cha mkono usifike. Mzee Chilumba alikuwa mwisho kabisa. Hawakusalimiana.

Mfaume alinunua keki. Akaileta mezani, akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege akatania, kwa woga, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

"Mama, umekonda kama ufito. Huku wanakula picha za chakula?"

"Asante kwa maoni yako," Bi Somoe akasema, akamkatia kipande.

Mfaume hakukila. Akainuka, akamshika Siwema mkono, akaingia naye jikoni, akafungua bomba maji yachuruzike kwa nguvu, majirani wasisikie. Bi Somoe alibaki mezani. Kupitia ukuta alisikia maji, na chini ya maji sauti ya mwanawe inasimulia, inasimama, inasimulia tena. Akadaka maneno mawili, matatu: "...sikuoi, kizee..." Halafu akasikia Mfaume anacheka, kicheko kile cha utotoni cha kukatika pumzi, na hapo hapo kikageuka kikawa kitu kingine. Bomba likafunguliwa zaidi.

Asubuhi, Bi Somoe alikuwa kitandani anafunga kilemba. Mlango ukasukumwa bila hodi. Siwema alikuwa amejifunga khanga ya bibi yake, inaburuta nyuma kama mkia, mikono kiunoni, midomo inatetemeka kwa kukumbuka maneno.

"Mke mwenzangu!" akapaza sauti. "Kizee kichoyo! Mume wetu kaja kwangu ndotoni, kasema chai yako maji matupu, na mwanya wako unapitisha baridi!"

Ndani ya Bi Somoe majibu yakaja mbio, yanasukumana kama kuku waliotupiwa mtama. Mwongo we, Ligola hawezi safari ndefu! Kaja kwako kwa kuwa kapotea njia! Rudisha khanga yangu, mwizi! Akafungua mdomo yatoke.

"Samahani kwa usumbufu," akasema.

Akajisikia. Akashtuka, akaufunga mdomo, akaufungua tena kwa nguvu, kama mtu anayelazimisha dirisha lililovimba.

"Natumaini hali ya hewa inakufaa."

Siwema alikuwa bado ameshika kiuno, anangoja zamu yake, maana baba yake alimwambia bibi lazima atajibu, na jibu litakuwa kali, na asiogope. Akangoja. Mikono ikaanza kushuka yenyewe, kwanza mmoja, kisha wa pili. Akaifungua khanga, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa shule, akaiweka miguuni pa kitanda.

"Hakuna usumbufu, bibi," akasema, akatoka, akafunga mlango polepole asimsumbue.

Bi Somoe akabaki na majibu yake yote yamesimama kooni. Hadithi imekaa hapo. Nimeisukuma isogee mbele walau hatua, imekataa.